Kivuli cha Ramani

Ninian Croall alikifuta kichochoro alimoishi kabla mafundi wa kubomoa hawajafika. Alikifuta asubuhi moja ya Machi, kwa kikwanguo cha chuma, juu ya bamba la shaba lenye ukubwa wa sinia ya chai. Alipomaliza alipuliza vumbi la shaba akaendelea na kichochoro cha pili.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kitabu cha wasafiri kilikuwa kinatoka upya kwa ajili ya kiangazi, wakati watu wa kusini wanapopanda treni kuja Edinburgh kuitazama ngome na kulalamikia upepo. Ramani iliyokunjwa mwishoni mwa kitabu ilitakiwa kuonyesha mji utakavyokuwa wageni watakapofika. Ilikuwa imeamuliwa kwamba vichochoro kadhaa vya mtaa wa Canongate vibomolewe ili barabara pana ipite. Barabara hiyo bado ilikuwa ya karatasini tu. Nyumba zilikuwa zimesimama, watu wanapika ndani yake, wanaanika nguo madirishani. Kwenye shaba zilikuwa zimeshakwisha.

Lowrie Meikle, aliyekaa naye benchi moja na ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga herufi, aliinua kichwa akachungulia.

"Croall, umejifukuza nyumbani kabla ya mwenye nyumba," alisema. "Angalau ungejipa notisi."

Wawili watatu walicheka. Kisha wakakumbuka, wakainamia mabamba yao. Mke wa Ninian, Lilias, alikuwa amezikwa Januari. Homa ya mapafu ilimchukua katika kichochoro hichohicho, ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma. Lowrie alijikuna shingo, akasukuma kopo lake la tumbaku upande wa Ninian kama mtu anayelipa faini. Ninian alitabasamu, kwa kuwa ndivyo uso unavyotakiwa kufanya mtu anapokupa tumbaku.

Hakuwa amelia. Siku ya pili baada ya mazishi alirudi kazini, na mkono wake ulichonga mistari iliyonyooka kama siku zote. Watu walimsifu kwamba ana moyo wa chuma. Yeye hakujua ana moyo gani. Alijiona kama mguu uliokaliwa vibaya wakati wa mahubiri marefu: upo, unatembea nao kutoka kanisani, lakini si wako. Alikula uji wake wa shayiri bila kujua kama una chumvi. Usiku alilala, asubuhi aliamka.

Mchana ule karatasi ya majaribio ilipotoka mashineni, msimamizi wa karakana, mzee Purves, aliileta mwenyewe. Aliiweka mezani akagusa kwa kidole mahali palipokuwa pamefutwa. Mahali pa vichochoro palikuwa na doa la kijivu, kama mtu ameegemeza dole gumba lenye masizi.

"Umekwangua," alisema Purves. "Hukugonga."

Ilikuwa kweli, na lilikuwa kosa la mtu aliyeanza kujifunza juzi. Ukikwangua mstari kwenye shaba, mstari unatoka lakini kishimo kinabaki. Kishimo kinashika wino, na wino unachafua karatasi. Kwa hiyo ukishakwangua unaligeuza bamba, unatafuta mahali palepale kwa upande wa nyuma, unalilaza juu ya fuawe na kuligonga kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka shaba inyanyuke iwe sawa na sehemu nyingine. Ndipo unasugua kwa mkaa, ndipo unachonga upya. Ninian alikuwa amefanya hivyo mara nyingi mno kiasi kwamba hakuelewa aliwezaje kusahau. Aliomba radhi.

"Litakusubiri hadi Jumatatu, mwanangu," alisema Purves. "Kesho tunafunga mchana. Nenda ukamwone binti yako."

Binti yake, Mysie, alikuwa na miaka saba. Tangu usiku wa Januari mamaye alipofariki alikuwa anakaa kwa dada mkubwa wa mamaye, Jacobina Tulloch, huko Canonmills, upande wa pili wa mji. Alipelekwa ndani ya gari la farasi, amefunikwa blanketi hadi puani, na tangu hapo hakuwa amerudi nyumbani. Mwanzoni ilikuwa ya muda tu, mpaka Ninian ajipange. Lakini Ninian hakujipanga. Alikuja kila Jumamosi, akakaa kwenye kiti kilekile, akanywa chai, akaondoka.

Sasa Jacobina na mumewe Archibald, ambaye alikuwa seremala wa meli, walikuwa wamepata nafasi ya kuhamia Dunedin, New Zealand. Meli ingeondoka baada ya Pasaka. Hawakuwa na mtoto wao. Wiki iliyopita Jacobina alimsindikiza Ninian hadi mlangoni, akafunga mlango wa ndani nyuma yake, na kumwambia bila kuzunguka kwamba wangependa kwenda na Mysie. Huko kuna hewa safi, alisema, na shule, na nyumba yenye bustani. Hapa kuna nini? Alimpa muda wa kufikiri hadi Jumamosi inayofuata, kwenye chakula cha jioni. Baada ya hapo tiketi zingekatwa.

Ninian alifikiri, kwa namna alivyoweza kufikiri siku zile. Alipima upande huu na upande ule. Upande wa Dunedin kulikuwa na bustani, shule, mama mkubwa anayempenda mtoto. Upande wa pili kulikuwa na chumba ambacho kingebomolewa, na yeye. Alingoja kitu ndani yake kikatae. Hakikukataa. Kufikia Ijumaa alikuwa ameshaamua kwamba atasema ndiyo, na aliamua kwa utulivu uleule aliokwangulia shaba.

Jumamosi ile ukungu wa bahari uliufunika mji tangu saa za asubuhi. Kufikia mchana ngome yote haikuonekana, wala mnara wa kanisa, wala upande wa pili wa barabara. Ninian alitembea kwenda Canonmills akisikia farasi kabla ya kuwaona. Chini ya kwapa alikuwa na karatasi tatu za taka za kazini, kama kawaida yake, za Mysie kuchorea.

Mlango ulikuwa wazi. Jacobina alikuwa barazani bila shali, nywele zimemfumka.

"Hayuko na wewe," alisema. Halikuwa swali. Alikuwa ametazama nyuma yake na kuona hakuna mtu.

Alieleza huku akiivuta pete yake kidoleni. Mysie alikula chakula cha mchana vizuri. Aliomba kwenda kucheza chumbani. Jacobina alipopanda kumwita akakuta koti halipo na buti hazipo. Archibald alikwenda kwanza mtoni, pale kinu kilipo, halafu akapanda kuelekea Canongate, kwa kuwa mtoto akitoroka atakimbilia wapi kama si kwao? Polisi mmoja alikuwa anauliza kwenye daraja. Hakuna aliyemwona. Kwa ukungu ule, hata tembo asingeonekana.

"Alitusikia," alisema Jacobina. "Jana usiku namwambia Archie kwamba utakuja kutoa jibu, na kwamba najua utasema ndiyo. Ngazi ikalia. Nikadhani ni paka."

Ninian aliuliza kama angeweza kuona chumba. Alishangaa kusikia sauti yake ikiuliza kwa adabu, kama mpangaji anayetafuta pa kukaa.

Kilikuwa chumba kidogo, safi, na ukutani Jacobina alikuwa amemruhusu mtoto abandike michoro yake kwa pini. Farasi, jahazi, mama mwenye aproni. Katikati ya michoro palikuwa na nafasi tupu yenye pini nne.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Moja ya karatasi zako," alisema Jacobina. "Ile ya mji. Hiyo alikuwa haichorei. Alikuwa anaisoma tu."

Ninian aliketi kitandani.

Karakanani waliiita kivuli. Karatasi ya majaribio inapotoka mashineni na wino wake mbichi, hulazwa karatasi nyingine juu yake na zote mbili hupitishwa tena. Ile ya pili hutoka imegeuka kama bamba lenyewe, ya kulia iko kushoto na ya kushoto iko kulia, na mchongaji huiweka kando yake anaposahihisha, asisumbuke kutumia kioo cha kugeuza picha. Kazi ikiisha ni taka. Mtu mwingine yeyote akipewa kivuli angejua papo hapo kwamba kimegeuka, kwa sababu maandishi yake hayasomeki. Lakini Mysie aliyasoma. Alijifunza herufi magotini pa babaye, za kawaida na za kwenye shaba, zote pamoja, kabla hajaanza shule. Mwalimu alikuwa ameleta malalamiko kwamba mtoto anaandika jina lake kinyumenyume na anadai ni sawasawa. Lilias alicheka siku hiyo mpaka akashika mbavu.

Kwa Mysie hizo zilikuwa herufi za Baba tu.

Ninian alisimama. Alimwambia Jacobina abaki nyumbani, iwapo mtoto atarudi mwenyewe. Kisha akatoka, na hakwenda njia aliyokwenda Archibald.

Kutoka Canonmills unapanda kilima moja kwa moja hadi Barabara ya Princes, na hadi hapo ramani na kivuli chake vinakubaliana. Hapo ndipo vinapoachana. Anayekwenda Canongate hushika kushoto, halafu kulia kuvuka daraja, halafu kushoto tena. Kwenye kivuli ni kulia, kushoto, kulia. Siku nyingine mtoto angeinua kichwa, akaiona ngome iko upande usiostahili, akasita. Leo hapakuwa na ngome. Palikuwa na ukungu tu, na karatasi.

Alishika kulia. Haikumwia vigumu. Kwa miaka mingi alikuwa ameutazama mji huu ukiwa umegeuka, siku nzima, kwa karibu kuliko alivyoutazama ukiwa sawa. Alipita mbele ya maduka yaliyowasha taa za gesi mchana. Aliwauliza wauza magazeti na mzee mmoja wa kufagia njia, na mzee akasema ndiyo, kuna kisichana kilipita kimeshika karatasi mbele ya uso kama mchungaji anayesoma zaburi. Ninian alishukuru. Aliona kwamba anatembea upesi. Hakuweza kusema anaogopa. Alijua tu kwamba anajua kushoto kunakofuata kunakwenda wapi na kulia baada ya hapo kunaishia wapi, kwa kuwa alikuwa amepachonga mwenyewe, mistari midogo ya kulala inayoonyesha maji.

Kulia kule kunaishia kwenye bandari ya mfereji, mahali majahazi ya makaa yanapoteremsha mzigo. Ukingo wake ni wa mawe na hauna uzio.

Aliita jina lake. Ukungu ulilimeza. Alitembea kando ya ukingo akipapasa kwa buti, akaita tena, na hapo akaona kitu cheusi majini, cha duara, kinacheza polepole dhidi ya ukuta. Alipiga magoti, akalala kifudifudi juu ya mawe, akaingiza mkono. Maji yalimfika begani. Alikishika, akakivuta. Kilikuwa gunia. Alilitazama kwa muda, kisha akaliachia lirudi majini, akabaki amelala vilevile kama mtu aliyesahau kinachofuata.

"Wewe ndiye mwenye ramani?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka juu yake.

Alikuwa amesimama kwenye jahazi lililofungwa hatua chache mbele, mwanamke mpana, kiko mdomoni, uso mweusi kwa makaa.

"Maana nina mtoto humu ananiambia hapa ni Canongate," aliendelea. "Namwambia hapa ni makaa, mpenzi, makaa na panya. Hataki kusikia. Ananionyesha karatasi. Ananiuliza nyumba yake nimeipeleka wapi."

Mysie alikuwa amekaa kwenye sanduku kando ya jiko, koti limefungwa vifungo vyote, kiazi cha kuchoma mkononi. Alimtazama babaye bila kuinuka. Alikuwa amekasirika.

"Karatasi yako imekosea," alisema.

Ninian aliinama aingie, akaketi sakafuni, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. Alisema haijakosea. Alisema ni karatasi ya kazini, imegeuka, na kwamba angepaswa kumwambia zamani sana. Hakumwambia kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa haoni tena kwamba imegeuka.

Mtoto alilifikiria hilo. Alikunjua kivuli juu ya goti, akaweka kidole kwenye Canongate, kisha akakivusha hadi ng'ambo ya pili.

"Kwa hiyo mimi nilienda sawasawa," alisema, "ila kwa nyuma."

"Ulienda sawasawa."

"Mkono wako umelowa."

Alitazama. Koti lilikuwa linachuruzika kuanzia begani, na kidimbwi kilikuwa kimeanza kutambaa kuelekea kwenye jiko. Alikubali kwamba umelowa.

"Nilitaka kufika kabla hujatoka nyumbani," alisema Mysie. "Mama mkubwa amesema utakuja kusema ndiyo. Ulikuwa useme ndiyo?"

"Nilikuwa niseme ndiyo."

"Kwa nini?"

Mwanamke wa jahazi aligeuka akaanza kuchochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa. Ninian alitafuta jibu zuri, la aina ambayo mtoto anaweza kulibeba hadi Dunedin, lenye hewa safi na bustani. Lilikuwepo, ameliandaa wiki nzima. Halikutoka.

"Sikuona sababu ya kusema hapana," alisema.

Mysie alikula kidogo kiazi chake, akameza.

"Mimi si sababu?"

"Ni sababu," alisema Ninian. Alisikia sauti yake kama inatoka chumba cha jirani, lakini ilikuwa yake. "Wewe ni sababu."

Walirudi Canonmills kwa miguu. Mtoto alimpa mkono uliokuwa na joto la kiazi, na yeye aliushika kwa ule mkavu. Hakuwa na furaha, wala hakuwa na kitu cha kuitwa huzuni. Aliona tu kwamba walipofika kwenye mlango wa Jacobina na ilikuwa lazima auachie ule mkono ili abishe, kwa kuwa ule uliolowa ulikuwa umekufa ganzi kwa baridi, alibisha kwa buti.

Jacobina alimnyakua mtoto, akamtikisa, akambusu, akamtikisa tena. Archibald, aliyekuwa amerudi kutoka Canongate mikono mitupu, alikaa kwenye ngazi akafunika uso kwa kofia. Baadaye, Mysie alipokwisha kulazwa, Ninian alisema alichotakiwa kusema kwenye chakula cha jioni, ingawa hakuna aliyekumbuka kupakua chakula.

"Shemeji, anabaki."

Jacobina alimwuliza anabaki wapi, katika chumba kitakachobomolewa? Nani atampikia? Nani atamfulia? Alimwambia ajitazame kwenye kioo, anafanana na maiti aliyesahau kulala. Alisema mengi, na machozi yalikuwa yanamtoka, kwa kuwa alikuwa ameshamshonea mtoto magauni mawili ya kuvaa melini. Ninian hakumkatiza. Alikuwa na haki ya kusema kila neno, na ndivyo alivyomwambia.

"Yote ni kweli. Nitatafuta vyumba. Nitatafuta mtu wa kupika. Anabaki."

"Hulii hata leo?" aliuliza Jacobina. "Hata leo, Ninian?"

"Bado," alisema.

Jacobina alipangusa macho. Halafu akaenda kabatini, akachukua yale magauni mawili, akayafunga ndani ya karatasi kwa uzi, na kumwekea mapajani bila kumtazama.

Jumatatu aliligeuza bamba. Alipima kwa bikari mahali pa kichochoro, akaweka alama ya chaki upande wa nyuma, akaligonga. Lowrie Meikle alisema huo mlio unamkumbusha mkewe akiponda nyama, na Ninian alimjibu kwamba mke wa Lowrie hugonga kwa ustadi zaidi. Karakana nzima ilishangaa, kisha ikacheka. Ilichukua asubuhi yote. Shaba ilinyanyuka polepole, nukta kwa nukta, na karatasi iliyofuata ilipotoka haikuwa na doa. Palikuwa peupe, tayari kuchongwa barabara.

Mzee Purves alimpa ruhusa kuchukua karatasi moja nzuri, isiyogeuka. Jumapili, baada ya kanisa, Ninian na Mysie walitoka nayo kwenda kutazama vyumba viwili huko St Leonard's. Mwenye navyo, mama mjane, alikuwa tayari kupika pia kama mtoto hachagui chakula. Hali ya hewa ilikuwa safi. Ngome ilikuwa mahali pake.

Mysie alitaka kuongoza yeye. Kwenye njia panda ya kwanza alisimama, akafunua ramani, akaitazama kwa mashaka makubwa. Tangu siku ile ya mfereji alikuwa haamini tena karatasi yoyote, wala mikono yake mwenyewe.

"Kulia ni kupi?" aliuliza.

Ninian alisimama mbele yake, akainua mkono wake wa kulia auone. Mtoto akauinua ule uliokuwa unaelekeana nao. Ulikuwa wa kushoto.

Wakatazamana hivyo, mikono juu, na watu wa kanisa wakiwapita. Kisha Ninian akashusha mkono, akazunguka, akasimama kando ya binti yake, bega lake likiwa juu ya kichwa cha mtoto, wote wawili wakitazama upande mmoja, akauinua tena.